Sindano Zisizotoa Damu

Nilimweleza Mzee Gidamis kwa dakika arobaini. Nilianza na moyo na vyumba vyake vinne, nikapita kwenye milango yake, nikafika kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo wakati wa upasuaji, nikamalizia na historia fupi ya akupancha, tiba ya kuchoma sindano, huko China, ambayo hakuna aliyeniomba. Kisha nikamuuliza, "Umeelewa, mzee?" Akasema, "Nimeelewa." Nikaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha tisa cha fomu, nikasaini, nikapiga na muhuri. Muhuri haukuhitajika. Niliupiga kwa sababu ulikuwa karibu.

Nilikuwa na miezi minne tangu nihitimu shahada ya uuguzi. Picha yangu ya joho ilikuwa imetundikwa nyumbani kwetu, kijijini Daudi, juu ya redio, na mama alikuwa akimwonyesha kila mgeni, hata mtu aliyekuja kununua vitunguu saumu na ambaye alitaka tu kujua kama vimekauka. Nilipata kazi katika hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Mbulu, kwenye utafiti uliosimamiwa na Daktari Lameck. Utafiti ulihusu wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa moyo katika hospitali kubwa mjini, mbali na kwetu. Kwa siku tano kabla ya kusafiri, kila siku mgonjwa anachomwa sindano nyembamba mikononi, sindano zinaunganishwa na kimashine kidogo, na umeme hafifu unapita kwa nusu saa. Moyo ukisimamishwa ili wapasuaji wautengeneze, unakaa bila damu, na damu ikirudi ghafla, moyo wenyewe huumia. Inadhaniwa kwamba sindano hizo za umeme huuandaa mwili kuvumilia. Nasema inadhaniwa. Daktari Lameck alinifundisha neno hilo, na nililitumia mpaka kwenye maombi ya chakula.

Mafunzo yangu ya kuchoma yalikuwa ya wiki mbili. Nilichoma sifongo, nikachoma kabichi ya mama, nikajichoma mwenyewe. Kabichi haikulalamika, nami nikajiona bingwa.

Mzee Gidamis alikuja kutoka upande wa Basotu na binti yake mkubwa, Oliva. Alikuwa mrefu hata akiwa ameketi. Alijifunga shuka zito la rangi ya udongo, na fimbo yake ilikuwa nyembamba, laini kwa kushikwa miaka mingi. Alizaliwa chini ya Mlima Hanang na alichunga ng'ombe tangu akiwa na meno ya utoto. Alipokuwa kijana magoti yalimvimba na homa ikamlaza mwezi mzima. Magoti yakapona, ila ugonjwa ulihamia kwenye moyo na kukaa huko kimya kwa miaka arobaini, ukiufanya mlango mmoja wa moyo kuwa mgumu kama ngozi iliyoanikwa juani. Sasa hakuweza kutembea kutoka bomani hadi kisimani bila kusimama mara sita. Alilala ameegemea ukuta, maana akilala chali pumzi ilimkatika. Jioni ng'ombe waliporudi aliketi langoni akiwatazama wakiingia, na hakuhesabu, maana alimjua asiyekuwepo kwa rangi yake tu.

Hayo aliniambia Oliva. Jambo jingine, kubwa kuliko yote, hakuniambia, na mimi sikuuliza, kwa sababu fomu yangu ilikuwa na visanduku kumi na vinne na hakuna hata kimoja kilichouliza mtu amefanya kazi gani maishani.

Madaktari wapasuaji walikuwa wageni, wamekuja nchini kwa majuma mawili tu. Nafasi ya mzee ilikuwa Jumatano ya juma la pili. Akiikosa, angengoja ziara nyingine mwaka unaofuata, na Daktari Lameck alinivuta pembeni akaniambia wazi kwamba moyo ule hauna mwaka.

Jumatatu nikamchoma sindano za kwanza. Mahali penyewe ni upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu juu ya kiganja, katikati ya kano mbili. Mkono wa mzee ulikuwa mkavu, na pembeni tu ya mahali pangu palipita mshipa mnene wa buluu. Nikaukwepa kwa ustadi. Sindano ikaingia bila tone la damu. Nikawasha kimashine.

"Unasikiaje, mzee?"

"Mchwa wanatembea."

"Vizuri sana! Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Akautazama ule mshipa. Akanitazama mimi. Akatazama tena mshipa. Usoni mwake nikaona upole mwingi, nikaamini ni shukrani.

"Binti, wewe ni wa wapi?"

"Daudi, mzee."

"Aa. Ninyi watu wa milimani. Mna ng'ombe watatu na kila mmoja mmempa jina kama mtoto wa kubatizwa."

"Sisi tunao wanne, mzee."

"Huyo wa nne ni ndama."

Kweli alikuwa ndama. Oliva akacheka mpaka akafunika mdomo kwa kanga.

Jumanne nilimchoma tena, na tena hapakuwa na damu. Nilipozitoa sindano mzee alinishika kidole gumba akasema taratibu, "Usijali, mwanangu. Mkono unazoea. Kesho utapata." Nikamshukuru. Nilifikiri ananitakia maendeleo katika taaluma. Jioni yake nikaandika kwenye daftari langu kwamba nimejenga uhusiano mzuri na mgonjwa, nikapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Jumatano Daktari Lameck alikuja kukagua. Alisimama nyuma yangu na ubao wake wa kuandikia, akiandika kila nilipopumua. Sikumtazama mzee usoni siku hiyo, nilitazama kano. Nikachoma, nikawasha, nusu saa ikapita, nikazitoa sindano, nikageuka kuzitupa kwenye kisanduku cha taka kali. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mzee, kubwa kuliko siku zote.

"Daktari! Ona! Binti amepata!"

Nikageuka. Mzee alikuwa ameinua mkono kama mtoto anayejua jibu darasani. Damu ilikuwa ikitiririka kuelekea kwenye kiwiko, tena siyo haba.

Daktari Lameck akaacha kuandika. Alinitazama juu ya miwani. Katika kazi yetu damu kama ile maana yake ni moja, kwamba mchomaji amechoma mshipa. Nikakandamiza pamba huku masikio yakiniwaka moto.

"Samahani, daktari. Nilidhani nimeukwepa."

"Umekwepa nini?" mzee akauliza. "Anajua kazi huyu! Mwandike vizuri!"

Daktari akaandika. Mchana ule nilirudi kwenye kabichi.

Alhamisi ilikuwa vilevile. Nilichoma kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai, nikatoa sindano, nikaona pasafi. Nikageuka kwenye kisanduku, nikarudi, damu. Safari hii hata Oliva aliona haya akatazama dirishani. Mimi nilihisi shahada yangu ikiyeyuka kutoka ukutani kule Daudi, joho na kofia na vyote.

Ijumaa asubuhi mkono wa mzee ulikuwa umevimba. Ulikuwa mwekundu, wa moto, na kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na nane na nusu. Niliushika mkono ule nikamwita daktari mbio, kwa sababu kila muuguzi anajua kwamba mtu mwenye uchafu kwenye damu hapewi mlango mpya wa moyo. Uchafu hukimbilia hapo hapo kwenye kitu kipya. Wapasuaji wasingemgusa.

Daktari Lameck akavaa glavu, akaleta taa. "Sindano zako zilikuwa mpya?"

"Kila siku nilifungua pakiti mbele yake, daktari."

"Basi nionyeshe ulipochoma."

Nikaonyesha. Katikati ya kano kulikuwa na alama nne ndogo kama vumbi, safi kabisa. Uvimbe ulikuwa vidole viwili pembeni, juu ya ule mshipa wa buluu, na pale palikuwa na matundu mawili makubwa yenye usaha. Sindano yangu isingeweza kutoboa tundu kama lile hata ningeipigilia kwa nyundo.

Oliva akamgeukia baba yake, akasema kwa lugha yao maneno machache, makali. Mzee akajibu kwa neno moja. Oliva akasema kwa Kiswahili, ili nasi tusikie, "Baba, waambie. Au niwaambie mimi."

Mzee akaingiza mkono kwenye pindo la shuka, akatoa mwiba wa mgunga, mweupe, urefu wa kidole, akauweka juu ya meza ya dawa karibu na pamba zangu.

"Nilimsaidia binti," akasema.

Hapo ndipo nilipojua kazi yake. Kuanzia Basotu hadi chini ya mlima, mtu akitaka kutoa damu ya ng'ombe ya kunywa bila kumdhuru, alimwita Gidamis. Ng'ombe anafungwa kamba shingoni, mshipa unatuna, na yeye anasimama hatua mbili pembeni na upinde wenye mshale mfupi uliozuiwa usizame. Anapiga mara moja. Damu inaruka kwenye kibuyu, kamba inafunguliwa, jeraha linajifunga, ng'ombe anarudi malishoni. Kwa miaka hamsini, alisema, hakurudia kupiga. Wapo vijana waliokosa, na waliokosa walichekwa mpaka wakahamia vijiji vingine.

"Sasa huyu mtoto," akasema, akinielekeza kidevu, "mshipa mnene namna hii uko mbele yake, kama mto! Anachoma pembeni. Jumatatu, pembeni. Jumanne, pembeni. Nikajisemea, bado mdogo, atajifunza. Halafu unakuja wewe na ubao wako, unaandika. Nikaona atafukuzwa. Ametoka nyumba ya ng'ombe watatu, akifukuzwa atakula nini?"

"Wanne," nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua.

Daktari Lameck akavua miwani akaipangusa, ingawa ilikuwa safi. Nadhani alikuwa anacheka na hakutaka. Halafu akaacha kucheka, akachukua fomu ya matukio mabaya kutoka kwenye droo, akaisukuma kwangu. "Andika kilichotokea, Evaline. Inakwenda kwa wapasuaji leo saa sita."

Nilijua inakwenda kwa nani na itasomwa vipi. Mlango wa chuma wa moyo unamtaka mtu ameze kidonge kila siku mpaka kufa na kupima damu kila mwezi. Mgonjwa asiyefuata maelekezo hawampi, maana atakufa kwa kuganda damu, na nafasi yake ingemwokoa mwingine. Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja tu: Sababu ya tukio. Ningeandika "Mgonjwa amejijeruhi kwa mwiba," ingekuwa kweli, na mzee angerudi Basotu kuegemea ukuta wake. Mimi ningebaki na kazi yangu na kalamu yangu nyekundu.

Nikaifungua ile fomu ya kwanza, nikasoma kisanduku cha tisa. Kilisema: Mgonjwa ameelezwa atakachokiona na atakachokihisi. Alama ya vema, saini, muhuri. Nikakumbuka zile dakika arobaini. Nilimtajia mishipa, chembe za fahamu, na mfalme mmoja wa China. Kwamba hataona hata tone la damu, na kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, sikusema. Halikunijia kichwani kwamba kuna binadamu anayehitaji kuambiwa.

Nikaandika. Niliandika kurasa mbili, zenye utangulizi, kiini na hitimisho. Daktari Lameck akazisoma, akachana, akanipa fomu nyingine.

"Mistari mitatu."

Ikawa hivi: Mgonjwa alijitoboa kwa nia ya kusaidia, akiamini sindano isiyotoa damu imekosea. Hakuelezwa kwamba damu haitakiwi kutoka. Aliyepaswa kumweleza na kusaini kwamba amemweleza ni mimi.

"Unajua ukiandika hivi unatolewa kwenye sindano," akasema.

"Najua."

"Na kwenye utafiti mzee anatoka vilevile. Ameshaharibu mkono."

"Najua, daktari."

"Haya. Mwekee dripu."

Wakati dawa ikidondoka nikavuta kiti, nikakaa. Niliogopa kumweleza chochote. Nikamwomba yeye anieleze.

"Mzee, niambie wewe. Zile sindano zilikuwa za nini?"

Akafikiri. "Kiangazi kikikaribia, kabla hujahama na ng'ombe, unawanyima maji kidogo. Leo wanakunywa, kesho hapana. Wanalalamika. Halafu ukiwapeleka njia ndefu isiyo na maji, hawaanguki. Mchwa wako walikuwa wananinyima maji kidogo."

Nilikuwa na shahada. Nilikuwa nimesoma makala kumi na saba. Sikuwahi kulisema jambo hilo vizuri namna ile, na nikamwambia.

"Si ungeniuliza Jumatatu," akasema.

Saa nane mchana simu ya Daktari Lameck ikalia. Alikuwa daktari wa moyo kutoka hospitali ya mjini, mwanamke mwenye sauti ya haraka, Mtanzania anayefanya kazi na wale wageni. Alikuwa ameisoma fomu. Alisema wanaweza kumsogeza mgonjwa hadi Ijumaa, siku ya mwisho kabisa, kama homa itashuka ifikapo Jumapili na damu ikipimwa iwe safi. Ila kwanza alitaka kuzungumza na mgonjwa mwenyewe, bila mtu kumsaidia. Daktari akaweka simu kwenye spika, akaishika mbele ya mdomo wa mzee. Mimi nikaambiwa ninyamaze, jambo ambalo kwangu ni kama kuambiwa nisipumue.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ng'ombe wazima?"

"Mimi sina ng'ombe, mzee."

"Pole sana."

Oliva akauma kanga.

"Mzee, tukikuwekea mlango mpya kwenye moyo, utakuwa na kazi gani kila siku?"

"Kidonge."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mnizike."

"Na siku ukijisikia vizuri, huumwi, una nguvu?"

Nikafumba macho. Hapo ndipo wengi wanapoanguka, wanasema basi nimepona, nitaacha. Nikasikia pumzi ya yule daktari kwenye spika.

"Mama," mzee akasema, "mimi sijawahi kuona mchungaji anayewaambia ng'ombe, leo nimejisikia vizuri, kunyweni kesho. Kidonge ni kama kuwapeleka maji. Hakuna siku ya kupumzika. Mwenye siku ya kupumzika huyo ni mkulima wa Daudi."

"Na ule mwiba?"

"Mwiba ulikuwa wa huruma. Huruma imeisha."

Simu ikatoa mlio ambao mwanzoni nilidhani ni hitilafu. Yule daktari alikuwa anacheka. "Jumapili nipigieni," akasema, akakata.

Homa ilishuka Jumamosi mchana. Jumapili damu ilikuwa safi, na gari la hospitali likaondoka na mzee, Oliva, na kibuyu cha maziwa ambacho walikatazwa mara tatu kukibeba. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe niliyoifunga mimi, nadhifu mno. Mzee alinyoosha kichwa dirishani.

"Binti! Usikae na huzuni. Hata mimi mshale wa kwanza nilimpiga ng'ombe sikio."

"Si ulisema hukuwahi kukosa?"

"Nilisema sikurudia kupiga. Yule alikimbia."

Jumatatu kwenye sindano akaja mwingine, muuguzi aitwaye Fausta, asiye na shahada. Kabla ya kuchoma, yeye huwauliza wagonjwa kwanza wanafanya kazi gani nyumbani. Mimi nilihamishiwa kwenye makabati ya mafaili, ambako hakuna mtu wa kumweleza chochote, na mama akawaambia majirani kwamba nimepandishwa ofisini. Sikumsahihisha.

Ijumaa ile nilipanga mafaili ya A hadi M mara mbili. Kila simu ilipolia kwenye korido nilitoka. Jumamosi asubuhi simu yangu mwenyewe ikalia, na jina lilikuwa la Oliva.

"Dada Oliva! Vipi? Ametoka?"

"Ametoka. Jana jioni. Yuko kwenye chumba cha mashine."

"Damu iliporudishwa, moyo ulianza wenyewe, au waliushtua?"

"Mimi sijui."

"Na vile vipimo vya uharibifu wa misuli ya moyo, wamekuambia ni ngapi? Saa sita baada ya upasuaji? Saa kumi na mbili?" Nilikuwa tayari nimeshika kalamu. Alichomwa siku nne badala ya tano, tena alishafutwa kwenye jedwali, hivyo kama mchwa wale walimsaidia au hawakumsaidia hakuna atakayejua kamwe. Hata hivyo nilikuwa nimeshika kalamu.

Nyuma ya Oliva nikasikia mashine zikilia taratibu, na sauti ya mzee ikinung'unika jambo kuhusu uji.

"Namba hizo sizijui, sista," akasema. "Amelala chali. Tangu nikue sijamwona baba akilala chali."